"Congregation": neno lenye kondoo ndani

Wengi wanaoniletea nyaraka za Kiingereza niwatafsirie hudhani shida iko kwenye maneno magumu. Mimi hunisumbua yale yanayoonekana mepesi, kama "congregation". Ukifungua kamusi utakuta "kusanyiko" au "waumini", utaridhika na kuendelea. Usiridhike upesi. Anza na shina.

Shina lake ni la Kilatini, grex, yaani kundi la mifugo, kondoo au mbuzi. Ukitanguliza con-, "pamoja", unapata congregare, kukusanya kundini. Ukishalishika hilo, ndugu zake wanajileta wenyewe. "Segregate" ni kumtenga mmoja na kundi, na ndilo neno lililobeba ubaguzi wa shule za Marekani, ambao Mahakama ya Juu ilitamka mwaka 1954 kuwa ni kinyume cha katiba. "Aggregate" ni kuongeza kundini hadi vingi vihesabiwe pamoja. "Gregarious" ni yule asiyeweza kukaa peke yake.

Ila shina lisikulevye. "Egregious" kwa asili ni aliyejitokeza nje ya kundi, na katika karne ya 16 Waingereza walilitumia kumsifu mtu bora. Leo ni la kosa baya lililo wazi kwa kila mtu. Usimwandikie bosi wako ukidhani unamsifu.

Matumizi ndiyo yanayoamua, na neno hili limewahi kugombaniwa kwelikweli. Mwaka 1526 William Tyndale alichapisha Agano Jipya kwa Kiingereza, na neno la Kigiriki ekklesia akalitafsiri "congregation" badala ya "church". Alitaka msomaji awaone watu waliokusanyika, si mamlaka ya maaskofu. Thomas More, mwanasheria na mtetezi wa Kanisa Katoliki, alimshambulia vikali kwa uteuzi huo. Watafsiri wa Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, ya mwaka 1611, waliagizwa kabisa wabaki na "church". Ninapoambiwa kwamba kutafsiri ni kubadilisha maneno tu, huwa namtaja Tyndale. Aliuawa mwaka 1536.

Kwa hiyo kabla sijaandika chochote najiuliza: ni nani waliokusanyika, na chini ya nani? Katika barua ya Wakatoliki, neno hilo mara nyingi ni shirika la watawa. Chuo Kikuu cha Oxford kina "Congregation" yake, nayo ni baraza la wanataaluma lenye kauli ya mwisho katika mambo ya chuo. Ukiandika "waumini" hapo utachekwa. Barua ikitoka kwa Walutheri, Watanzania tuna neno tayari: usharika. Hata hapo soma sentensi nzima. Usharika unaweza kununua kiwanja au kumwita mchungaji mpya, lakini pale barua inaposema "congregation" ilisimama ikaimba, andika waumini walisimama wakaimba.