Alamu ya nyumbani: vitufe vya namba vimechoka

Mkuu, umesema 4 na 7 hazishiki mpaka uzikandamize. Usikimbilie kununua kibao kipya cha vitufe. Kwangu hapa Raskazone, Tanga, mchawi alikuwa chumvi ya bahari: nilifungua, nikafuta vidoti vyeusi nyuma ya raba kwa pamba yenye spiriti, taratibu bila kusugua, kikafufuka.

Kikigoma, tafuta kipya kinachoendana na boksi lako kuu la alamu. Modeli tofauti mara nyingi hazisomani hata nyaya zikilingana. Chomoa umeme, kisha betri ya volti 12 ndani ya boksi (mimi niliisahau, king'ora kikaamsha mtaa mzima). Piga picha nyaya kabla ya kuzilegeza. Na badilisha namba ya siri leo leo, maana vitufe vilivyofutika vinamwonyesha mwizi pa kubonyeza.