Muulize Fundi: Imeli za tangu 2011 zimegoma kuingia kwenye laptopu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi niko Busia huku mpakani, tuko na kaofisi ka kliaringi, mizigo inayotoka Mombasa. Tunatumia Gmail moja tu tangu 2011, sasa imefika GB 13, manifesti, risiti, pasipoti za madereva, kila kitu kiko mle. Kijana mmoja akaniambia niweke Thunderbird, programu ya kusoma imeli, kwenye laptopu ili nisome imeli hata mtandao ukipotea. Nikaweka. Asubuhi ilianza vizuri, ikawa inahesabu, ujumbe elfu kumi na moja kati ya elfu sitini na nane, hapo bando la GB 2 likaisha, nikanunua lingine, jioni ikaniletea kimeseji ati akaunti imezidi kiwango cha bandwithi na sasa haifungui kabisa. Laptopu yenyewe inapiga feni kama mashine ya posho. Nimeharibu akaunti? Imeli zangu ziko salama?
Mama wa Mizigo, Busia

JIBU: Nzuri mama, poleni na mizigo. Tulia kwanza, hujaharibu kitu. Ni Google waliokufungia mlango kwa muda. Thunderbird inaongea na seva kwa njia inayoitwa IMAP, na kwa njia hiyo Gmail inakuruhusu kushusha MB 2,500 kwa siku, basi. Ukipita hapo unasimamishwa, inaweza kufika saa 24, halafu unafunguliwa bila kumwomba mtu. Jaribu kuingia kwa brauza utaona mara nyingi imeli zako ziko palepale zinakungoja. Sasa piga hesabu, GB 13 kwa mwendo wa GB 2.5 kwa siku ni siku sita, hiyo ni kama mtandao wa Busia hautakohoa hata mara moja na Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, haitaisha usiku. Hata ukinunua laptopu ya milioni tano hesabu ni ileile.

Ila kuna jambo ambalo huyo kijana hakukwambia, na hapo ndipo bando lako linapoliwa. Gmail haina folda, ina lebo. Wewe ukiona "Mombasa" na "Madereva" pale pembeni unadhani ni masanduku tofauti, kumbe ni vikaratasi tu vimebandikwa kwenye imeli ileile moja. IMAP haijui mambo ya lebo, yenyewe inajua folda, kwa hiyo kila kikaratasi inakigeuza folda. Chukua manifesti moja uliyoskani, MB 9. Kwanza ikisafiri kama kiambatisho inanenepa karibu theluthi moja, kwa sababu imeli ilitengenezwa kubeba maandishi, sio picha, inabidi faili ligeuzwe herufi, kwa hiyo sasa ni MB 12. Halafu iko Inbox, iko "Mombasa", na iko kwenye ile folda kubwa ya "All Mail" ambayo inashika kila kitu. Mara tatu. Karatasi moja inaweza kukuhesabia MB 36, na sisi hapa Uganda tangu Julai 2021 tunalipa kodi ya asilimia 12 kwenye data. Banange.

Kwa hiyo usilazimishe kuvuta yote kwa mkupuo. Zima Thunderbird kabisa, leo usiiguse, rudi kwenye brauza. Pale pa kutafutia andika larger:10M uone zile nzito zote zimejipanga. Nakuhakikishia utakuta video za harusi na katalogi za matairi ambazo hakuna mtu aliziomba, futa hizo, halafu mwaga na Trash maana usipoimwaga zinakaa humo siku 30 na zinaendelea kukula nafasi. Kumbuka akaunti ya bure ni GB 15 na hizo unagawana na Drive na picha za simu, kwa hiyo ukiwa GB 13 uko karibu na ukuta, siku moja utashangaa wateja wanasema imeli zao zinarudi.

Baada ya hapo kata mzigo kwa miaka. Andika before:2016/1/1, chagua zote (bofya na yale maandishi yanayotokea juu ya kuchagua mazungumzo yote, la sivyo utachukua za ukurasa mmoja tu), zibandike lebo "2011-2015", halafu uziakaivu (kitufe cha Archive) ili zitoke Inbox. Fanya hivyo kwa 2016 hadi 2020, na kuendelea, mpaka Inbox ibaki na za mwaka huu peke yake. Kazi yenyewe ni ya chai moja na kipande cha muhogo, kazi yote inafanyika kwenye seva, data inayotumika ni kidogo sana.

Sasa nenda setingi za Gmail, upande wa lebo. Kila lebo ina kiboksi kinachosema "Show in IMAP". Toa tiki kwenye "All Mail". Hapo angalia vizuri mama, imeli yoyote uliyoakaivu bila lebo inaishi All Mail tu, ukiificha hiyo folda Thunderbird haitaiona, ndio maana nimekwambia ubandike lebo za miaka kwanza. Haijapotea, haionekani tu, lakini najua watu waliopiga yowe kwa jambo hilo, na mmoja wao alikuwa mimi.

Kwenye Thunderbird yenyewe fungua setingi za akaunti, sehemu ya sinki (kulinganisha laptopu na seva) na hifadhi. Mwanzoni iambie isinki za siku 30 za karibuni tu. Ikitulia, rudi palepale ubadilishe izishike za tarehe zote, lakini chagua folda moja moja, leo "2011-2015", kesho inayofuata, na ukiona folda moja inapita GB 2 igawanye zaidi. Mimi ningefanya kwa bando la usiku, laptopu kwenye chaja, na setingi ya kulala umezima maana laptopu ikilala na kazi inalala. Ile feni inayopiga kelele mara nyingi ni indeksi, Thunderbird inasoma kila imeli ili baadaye utafute haraka, unaweza kuizima kwenye setingi za jumla mpaka kazi iishe halafu uiwashe tena.

Na swali dogo, ofisini wangapi wamefungua hiyo akaunti? Gmail inaruhusu miunganisho 15 kwa wakati mmoja, na kila Thunderbird peke yake inaweza kufungua mitano. Kompyuta tatu tayari umejaza, ongeza simu ya bosi na simu yako, hapo ndipo yanakuja makosa ya ajabu ajabu. Punguza iwe miwili kwa kila kompyuta.

Umeuliza usalama. Hapa naomba unisikie vizuri. Kusinki si kubakapu. IMAP ni kioo, ukifuta kwenye laptopu inafutika kwenye seva, na kwenye simu ya bosi pia. Mimi mwaka fulani niliona laptopu imejaa, nikafuta folda nzima ya ankara nikijua "zipo kule Gmail", nikaja kushtuka baada ya miezi miwili mteja ananidai risiti, Trash ilishajimwaga zamani. Zile unazotaka zibaki hata dunia ipinduke, zikopi kwenye folda za ndani za Thunderbird, zile ambazo haziongei na seva yoyote. Au tumia Google Takeout, unachagua lebo unazotaka, wao wanakuandalia faili la mbox, yaani faili moja lililobeba imeli nyingi, na kukutumia linki, na hiyo haikuli kile kiwango cha 2,500. Linki haikai sana, kama wiki moja, kwa hiyo iagize ukiwa na safari ya Kampala au Tororo mahali penye waifai ya kueleweka. Ukiliweka kwenye flashi na ikakataa ati faili ni kubwa, ni kwa sababu flashi nyingi zimefomatiwa FAT32 ambayo haipokei faili la zaidi ya GB 4, ifomati exFAT, lakini toa vitu vyako kwanza.

Halafu usimlaumu huyo kijana. Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilipozimwa nchi nzima karibu siku tano, sisi tuliokuwa na imeli ndani ya laptopu tulisoma namba za wateja na kuwapigia simu, wengine walikaa wanaangalia kiduara kinazunguka. Alikushauri vizuri, alikosea tu kukuacha umeze ng'ombe mzima.

SWALI: Kaka Fundi, mimi Thunderbird inakataa paswadi yangu ya Gmail na paswadi ni sahihi kabisa, kwa brauza naingia. Nimeiandika mara kumi.
Mwalimu, Arua

JIBU: Ungeiandika hata mara mia mwalimu. Google walifunga kuingia kwa jina na paswadi tupu kwenye programu za nje, kwa akaunti za kawaida ilikuwa mwisho wa Mei 2022. Kwenye setingi za seva badilisha njia ya uthibitisho iwe OAuth2, ile ya kupokea na ile ya kutuma, zote mbili, watu wengi wanasahau ya kutuma halafu wanashangaa wanapokea tu. Kitafunguka kidirisha cha Google, unaingia humo. Kidirisha kikija cheupe, angalia kama kuki zimeruhusiwa ndani ya Thunderbird yenyewe, sio kwenye brauza.

SWALI: Fundi, si bora kutumia POP tu, ile njia nyingine badala ya IMAP, inashusha na kumaliza?
Mwanafunzi, Jinja

JIBU: Kwa akaunti ndogo ya kompyuta moja, sawa. Kwa kubwa hapana. Kiwango cha POP ni nusu, MB 1,250 kwa siku, lebo zako haziji, zote zinamwagwa Inbox kama magunia kwenye stoo, na usipoangalia setingi ya kuacha kopi kwenye seva unaweza kuamka simu haina kitu. Ukiwa bado unataka kujaribu, jaribu na akaunti ambayo hutaililia ikipotea.