Free Basics India: nani aliizuia?
Wapo wanaosema Facebook yenyewe iliiondoa India Free Basics, huduma yake ya kufungua tovuti chache bila kulipia data. Hapana, haikuiondoa kwa hiari. Tarehe 8 Februari 2016 TRAI, mamlaka ya mawasiliano ya India, ilipiga marufuku kampuni za simu kutoza bei tofauti ya data kulingana na tovuti unayofungua, na Free Basics ikaishia hapo. Waliosukuma ni wananchi. Mwaka 2015 TRAI iliomba maoni kwa waraka mrefu wa maswali 20 ya kitaalamu. Watu wa kujitolea wa SaveTheInternet, kampeni ya kutetea usawa wa intaneti, wakaandaa majibu, wewe unahariri upendavyo na kutuma. Barua pepe zilipita milioni moja! Ila kanuni ile iligusa bei tu. Kuzuia tovuti au kuipunguzia kasi kulikatazwa baadaye, serikali ilipoidhinisha katazo hilo Julai 2018.