Apdeti ya tovuti yenye waandishi wengi: maswali yenu

Safari hii maswali mengi yanahusu WordPress, mfumo wa kutengenezea na kuendeshea tovuti, na karibu yote yametoka kwenye tovuti ambazo wanaoandika ni wengi ila anayejua nywila ya seva ni mmoja. Naanza na lenye uzito.

Tuko waandishi tisa, mmoja yupo Buhigwe na huandika habari zake kwenye WhatsApp kwanza. Bado tunatumia toleo la 4.9. Fundi anataka tupande hadi la karibuni. Tutapoteza nini? (Mhariri, Mwanga)

Ndugu Mhariri, makala hazitapotea. Mtapoteza mazoea, na mazoea ya watu tisa si jambo dogo. Toleo la 5.0, lililotoka tarehe 6 Desemba 2018, lilibadilisha sehemu ya kuandikia: badala ya karatasi moja ndefu, kila aya, picha na jedwali ni bloku yake. Vijana watazoea upesi. Huyo wa Buhigwe jiandae kupokea simu zake.

Makala za zamani zitafunguka ndani ya bloku moja kubwa iitwayo Classic. Ziacheni humo humo. Mtu akibonyeza kitufe cha kuzigeuza ziwe bloku nyingi bila kukagua, lile jedwali la bei za dagaa na migebuka wa Kibirizi mlilolipanga kwa mkono linaweza kuvurugika lisisomeke.

Fundi anaweza kuweka plagini (programu ndogo ya kuongezea tovuti kazi) ya Classic Editor ikarudisha ukurasa wa zamani, tena ina mpangilio unaomruhusu kila mwandishi kuchagua anachopenda. Hapo ndipo ninapowaonya. Makala ya bloku ikifunguliwa kwenye kihariri (sehemu ya kuandikia) cha zamani, upande wa msimbo, utaona alama kama <!-- wp:paragraph --> juu ya kila aya. Msaidizi wako mwenye bidii atadhani ni uchafu, atazifuta, na kesho yake mwenzake ataikuta makala haina mpangilio. Chagueni kihariri kimoja kwa wote, hata kama wawili watanuna.

Baada ya apdeti tovuti imegoma, inasema kuna hitilafu kubwa. Nikirudisha mafaili ya zamani itapona? (Msomaji, Kasulu)

Inategemea. Mara nyingi chanzo ni PHP, lugha inayoendesha WordPress. Msaada wa PHP 7.4 ulikwisha Novemba 2022, wenye seva wakawahamishia wateja toleo la 8, na toleo hilo liliondoa baadhi ya amri za zamani, kama create_function. Plagini iliyotelekezwa na mtengenezaji wake ikiita amri hiyo, tovuti inasimama.

Tangu toleo la 5.2, WordPress hutuma baruapepe yenye kiungo cha kuingilia kwa dharura na kuzima plagini yenye kosa. Swali ni inatumwa kwa nani. Kwenye tovuti nyingi za huku kwetu, anwani ya msimamizi bado ni ya kijana aliyeifungua kisha akaondoka kwenda chuo. Ibadilisheni leo, kabla ya apdeti yoyote.

Kuhusu mafaili: apdeti kubwa inaweza kubadilisha pia hifadhidata, yaani ghala la makala zenu, kwa hiyo kurudisha mafaili peke yake hakutoshi. Nawe ukirudisha hifadhidata ya jana, kila kilichoandikwa leo kimekwenda na maji. Siku ya apdeti tangazeni kwenye kundi lenu kwamba hakuna kuandika hadi fundi aseme tayari.

Majina ya waandishi wawili wawili yamepotea, limebaki moja tu kila makala. (Ujiji)

Bila shaka mlikuwa na plagini ya waandishi wenza, na imezimika. WordPress yenyewe hutambua mwandishi mmoja tu kwa kila makala. Ikiwa ni Co-Authors Plus, iwasheni tena, majina yatarudi. Lakini kama fundi aliandika mwenyewe ndani ya mafaili ya themu (yanayoipa tovuti sura yake), apdeti ya themu imefuta alichoandika; mwambieni safari ijayo atumie themu ndogo ya pembeni, inayorithi ile kubwa.

Umeme ulikatika katikati ya apdeti. Sasa inasema tovuti iko kwenye matengenezo. (Uvinza)

Kazi hufanyika kwenye seva, si kwenye kompyuta yako, ila muunganisho ukikatika inaweza kuishia njiani. Subiri dakika kumi. Ikikataa, futa faili liitwalo .maintenance kwenye folda kuu, kisha rudia apdeti.

Kwa balaa zote hizi, si bora tusiguse kabisa? (Kigoma mjini)

Hapana, ndugu yangu. Matoleo ya 4.7.0 na 4.7.1 yalikuwa na tundu lililomruhusu mtu yeyote kubadilisha makala bila nywila. Kiraka kilitoka Januari 2017, na waliochelewa walikuta kurasa zao zimechafuliwa. Toleo linalobadilisha tarakimu ya tatu, kama 4.7.2, pokea siku hiyo hiyo. Linalobadilisha ya pili, ngoja wengine wagundue kasoro zake, kisha lijaribu kwanza kwenye nakala ya tovuti.

Mwandishi wetu wa michezo alibonyeza apdeti akiwa kwenye daladala. Tumfanyeje? (Mwanga tena)

Yeye hana kosa. Aliyempa cheo cha Administrator, msimamizi mwenye mamlaka yote, ndiye wa kuulizwa. Mpeni cha Author: atachapisha habari zake, na kitufe cha apdeti hatakiona.