Usimwambie mfiwa kwamba mwili "haufai"

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kupokea miili ya watu waliojitolea itumike kufundishia wanafunzi wa udaktari wakishakufa, juzi nimemsikia mmoja wenu akimwambia mjane kwenye simu, "Mwili umekataliwa." Akaandika namba ya faili, akaendelea na kazi. Neno lile nimelala nalo. Mengine ya hapa nimeshayasema mpaka mate yamenikauka, lakini nawapenda, kwa hiyo nayarudia.

1. Saini ni ya mwenye mwili, akiwa hai, mbele ya shahidi. Mtoto akikwambia "baba alikuwa akisema," mpe pole na utafute fomu. Mwaka 1828 kule Edinburgh, Burke na Hare waliua watu 16 ili wauze maiti kwa mwalimu wa anatomia, somo la viungo vya mwili linalofundishwa kwa kupasua maiti. Sheria ya Uingereza ya 1832 iliyofuata ikaruhusu kupasua maskini waliokufa bila ndugu wa kuja kuchukua miili yao. Hao nao hakuna aliyewahi kuwauliza. Ndiyo maana nakuwa mkali fomu ikikosa shahidi.

2. Siku ya kusaini, zungumzia uwezekano wa kutompokea. Hapa naomba mnivumilie.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja mzee mmoja mchangamfu. Alipomaliza kusaini akauliza, "Basi wanangu nimewapunguzia mzigo wa mazishi?" Nikamjibu, "Kabisa, mzee wangu, tutakupokea." Masharti ya kutopokea mwili nilikuwa nimeyasoma wiki ileile: kifua kikuu, homa ya ini, ajali mbaya, mwili ulioanza kuharibika, maiti iliyokwisha kupasuliwa kwa uchunguzi. Niliyajua yote. Nilitaka tu aondoke na furaha yake.

Akafa ghafla, sheria ikataka uchunguzi. Tulipopata taarifa, kifua na tumbo vilishafunguliwa, na mishipa ya kupitishia dawa ya kuhifadhi mwili ilishakatwa. Binti yake akapiga simu kuuliza gari litafika saa ngapi. Nikamwambia, "Samahani, mwili haufai."

Kimya. Kisha akauliza taratibu, "Baba yangu hafai?"

Sikuwa na jibu. Hawakuwa na kaburi wala fedha walizotenga, kwa kuwa baba aliwahakikishia kwamba nimeahidi. Ndugu waliopinga tangu mwanzo wakamwangushia binti lawama zote. Mimi nikasema pole, nikakata simu, nikajiambia masharti ni masharti. Miezi kadhaa baadaye nilifungua faili lile kwa shughuli nyingine. Penye maneno "mtoaji ameelezwa sababu za kutopokelewa" palikuwa na tiki yangu. Sikuwa nimemweleza hata moja. Nilitia tiki kwa sababu fomu haikubaliki bila tiki. Mpaka leo hilo linaniuma kuliko ile simu.

Kwa hiyo, mtu akisaini, mwambie aandae mpango wa pili wa mazishi, na familia iujue. Ikibidi kukataa, sema "hatutaweza kumpokea baba," taja sababu, useme kwamba nia yake tunaiheshimu, kisha ubaki kwenye simu. Msikate kabla yao.

3. Waelezeni mapema kwamba mwili unaweza kukaa mwaka au zaidi kabla ya kuzikwa au kuchomwa. Kuna mama alikuwa akipiga kila mwezi kuulizia mumewe. Nilipokea simu zake kwa muda mrefu, na hakunichosha hata siku moja.

4. Linganisheni namba ya lebo na ya faili mara mbili, na kila kinachotoka mezani, hata mafuta ya chini ya ngozi, kiingie kwenye ndoo ya namba ileile.

5. Fomalini, ile dawa ya kuhifadhia miili, husababisha saratani: washeni feni kwanza, ndipo mfunue meza.

Yule aliyepokea simu ya juzi, nimemwomba ampigie tena mjane leo mchana. Nitakaa pembeni yake.