Kabla hujaingia uwandani: kwa anayejiunga na utafiti wa tabianchi na uhamaji

Umepata nafasi kwenye mradi wa pamoja wa vyuo vikuu, umekabidhiwa dodoso lililokwisha kuandaliwa, na mwezi ujao mnaingia uwandani. Kabla ya safari, nakusihi, keti na wenzako mkubaliane mnamaanisha nini mnaposema "kuhama": ni kwa muda gani, umbali gani, na nani anahesabiwa.

Mradi wangu wa kwanza ulikwama hapo. Wenzetu wa hali ya hewa walifanya kazi kwa wastani wa miaka 30, kipimo cha kawaida cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Sisi wa sayansi ya jamii tuliwauliza watu habari za miezi 12 iliyopita. Data za mvua tulizotegemea, za CHIRPS (makadirio yanayounganisha picha za setilaiti na vipimo vya vituo vya mvua), zinaanzia mwaka 1981 na zimegawanywa kwa miraba ya takriban kilomita 5. Ndani ya mraba mmoja wamo wa bondeni waliovuna na wa mlimani waliokosa, nasi hatukuwa tumerekodi kila kaya iko wapi hasa. Siku ya kuunganisha data, hazikuoana. Bado naumia nikikumbuka muda tuliowachukulia watu wale.

Chunguza pia maswali yenyewe. Ukimuuliza mtu, "Je, ulihama kwa sababu ya ukame?" ataitikia, kwa kuwa umeshamwekea jibu mdomoni. Muombe akusimulie: nani alitangulia kuondoka, nauli ilitoka wapi, waliuza nini kabla ya hapo. Utakuta ukame umepitia kwenye deni, kwenye bei ya mifugo, kwenye ada ya mtoto. Ni nadra kuukuta peke yake.

Usiwasahau waliobaki. Ripoti ya Foresight ya serikali ya Uingereza ya mwaka 2011 ilionya kwamba wapo wanaonaswa kwenye hatari kwa kukosa uwezo wa kuondoka. Tangu niisome, neno "ustahimilivu" nalitumia kwa tahadhari. Kaya iliyopunguza mlo hadi mmoja kwa siku imevumilia, lakini kuisifu kwamba ni stahimilivu ni kuifunika shida yake.

"Wakimbizi wa tabianchi" nalo liepuke: Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 hauitaji tabianchi miongoni mwa sababu zake. Tena wengi hawavuki mpaka. Makadirio ya Benki ya Dunia ya mwaka 2021, ya watu hadi milioni 216 ifikapo 2050, yanahusu wanaohama ndani ya nchi zao.

Kuhusu ushirikiano wenyewe, uliza mapema, na mwandike: data zitatunzwa na chuo gani, nani ataruhusiwa kuzitumia mradi ukiisha, na majina ya waandishi yatapangwaje kwenye makala. Mtafiti msaidizi aliyetafsiri mahojiano na kugundua kwamba swali la nne halieleweki amechangia fikra, na anastahili kufikiriwa kama mwandishi mwenza. Kijana mgeni huona aibu kuyauliza haya mbele ya maprofesa. Uliza hivyo hivyo, kwa adabu.

Na fungu la kurudisha matokeo kwa jamii liwe kwenye bajeti ya kwanza, pamoja na nauli na mkalimani. Likiachwa hadi mwisho, fedha huwa zimekwisha. Siku hizi, kabla sijatia sahihi, naomba nionyeshwe fungu hilo liko ukurasa gani.