Majani ya Njano na Mimea Iliyodumaa Ndani ya Nyumba: Majibu ya Mshauri wa Bustani

SWALI: Ndugu mshauri, ninapanda pilipili hoho katika ndoo za lita 20, nyingine sebuleni karibu na dirisha na nyingine kwenye kibaraza kilichoezekwa. Ndoo nilizijaza unga wa makumbi ya nazi niliouziwa na watu wa pwani wanaotengeneza kamba za usumba, nikauchanganya na samadi ya kuku. Ninamwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya kisima cha hapa nyumbani. Mwanzoni miche ilikwenda vizuri, kisha majani machanga ya juu yakaanza kuwa njano huku mishipa yake ikibaki kijani, na majani ya chini yakaungua kingo. Sasa mimea imedumaa kabisa. Jirani alinishauri niweke Urea, nikaweka mara mbili, na hali ikazidi kuwa mbaya. Muuzaji wa duka la pembejeo ananishawishi ninunue busta ya majani. Je, ipi inafaa?
Msomaji, Temeke, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sasa usinunue busta yoyote, na Urea iliyobaki iweke mbali na ndoo zako. Umetusaidia sana kwa kueleza kwamba njano ilianzia majani ya juu na kwamba mishipa imebaki kijani, kwa kuwa mambo hayo mawili yanatosha kutuonyesha kwamba mimea yako haina njaa ya naitrojeni, na kwamba ushauri wa jirani, ingawa aliutoa kwa nia njema, ulikuwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Mmea unapopungukiwa naitrojeni, fosforasi, potasiamu au magnesi, huichota akiba iliyomo katika majani yaliyozeeka na kuipeleka kwenye ncha inayokua, na ndiyo maana dalili za upungufu huo huanzia chini na kupanda juu. Madini ya chuma, kalsiamu na boroni hayahamishiki kwa urahisi namna hiyo: yakishaingia katika jani hubaki humo, kwa hiyo upungufu wake huonekana kwanza kwenye majani machanga, huku yale ya zamani yakiendelea kuwa na rangi nzuri. Kila anayeona njano kwenye mmea wake ajiulize kwanza swali hilo la juu au chini, kabla hajauliza jina la mbolea.

Chukua jani moja la juu ulielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Ikiwa hata mishipa midogo kabisa inaonekana kuwa wavu mwembamba wa kijani, na sehemu zote zilizo katikati yake ni njano au zinaelekea weupe, huo ni upungufu wa chuma. Lakini usifikiri kwamba chuma hakimo katika ndoo. Mara nyingi kimo, ila hakiyeyuki, au mizizi haina nguvu ya kukichukua, na katika ndoo zako naziona sababu kadhaa zilizokutana pamoja.

Ya kwanza ni maji. Visima vingi vya ukanda wa pwani hupita kwenye miamba yenye chokaa, na maji yake hubeba bikaboneti ambazo, siku baada ya siku, hupandisha pH ya udongo wa ndoo, yaani kipimo cha uchachu ambacho hupanda uchachu unapopungua. Hoho katika chombo hupenda pH ya kati ya 5.5 na 6.5, ikivuka 7, chuma hugeuka hali isiyoyeyuka na mmea hukikosa ingawa kiko pale pale. Tazama ndani ya birika unalochemshia maji hayo. Ukikuta utando mweupe mgumu umegandamana ubavuni na chini, utando huo ndio unaojengeka pia kwenye ndoo zako na juu ya udongo wake.

Ya pili ni chumvi, na hapa ninayatilia shaka makumbi kuliko kisima. Watengenezaji wengi wa kamba za usumba hufukia makumbi kwenye matope ya ufukweni kwa miezi mingi ili yalainike, na unga unaobaki baada ya kupiga nyuzi huwa umelowa maji ya bahari. Unga huo ni mzuri sana kwa mimea, kwa kuwa hushika maji bila kushikamana, lakini ni lazima uoshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tena na tena, kabla ya kupandia. Hoho hazivumilii chumvi sawa na nyanya: mavuno yake huanza kupungua pale kipimo cha chumvi katika udongo kinapovuka desisimensi 1.5 kwa mita, ilhali nyanya huhimili hadi 2.5. Kingo zilizoungua kwenye majani ya chini ndizo alama ya chumvi hiyo. Juu yake umeongeza samadi ya kuku, ambayo nayo ina chumvi nyingi hasa isipooza vya kutosha, kisha Urea, ambayo asilimia 46 yake ni naitrojeni na ambayo huzalisha amonia inapovunjika. Kwenye chombo kidogo chenye pH ya juu, amonia hiyo huunguza mizizi.

Ya tatu ni kumwagilia mara mbili kwa siku. Mmea ulio sebuleni hautumii maji kama ulio shambani, kwa sababu hauna upepo wala jua la moja kwa moja. Udongo ukilowa muda wote, hewa hutoka, mizizi hukosa oksijeni, na mzizi uliokosa oksijeni hushindwa kuchukua chuma hata kama kipo tele.

Basi fanya hivi. Chagua mmea mmoja ulio dhaifu zaidi, uutoe wote katika ndoo na uitazame mizizi. Mizizi yenye afya ni myeupe au ya rangi ya maziwa, na ni migumu kidogo ukiiminya. Ikiwa ni ya kahawia, inateleza, ina harufu ya kuoza, na ukiuvuta mzizi kwa vidole ganda lake linavuka na kuacha uzi mwembamba katikati, basi vimelea vya kuoza mizizi vimekwisha kuingia, na mimea iliyofikia hapo ni afadhali kuiondoa pamoja na udongo wake. Ukikuta mizizi bado ni mizuri, hakikisha kila ndoo ina matundu ya kutosha chini, kisha mimina polepole lita 40 za maji ya mvua katika kila ndoo mpaka yatiririke na kutoka, ili yabebe chumvi. Kama mvua haipo, maji ya bomba yanayotoka Mto Ruvu yatafaa kuliko ya kisima. Baada ya hapo usimwagilie tena mpaka uingize kidole na kukuta sentimita tatu za juu zimekauka.

Mizizi ikishapumua, ndipo unaweza kufikiria kununua, na kitu cha kununua ni chuma kilichofungwa kwa EDDHA, kemikali inayokishika chuma ili kibaki kimeyeyuka, si busta ya mchanganyiko. Soma lebo kwa makini, kwa sababu madukani kuna chuma cha EDTA pia, ambacho ni cha bei nafuu lakini hupoteza nguvu pH inapovuka 6.5, na ndoo zako huenda zimevuka hapo zamani. Kiyeyushe katika maji kwa kipimo kilichoandikwa na ukimimine kwenye udongo. Usihukumu matokeo kwa majani yaliyokwisha kuungua, kwa maana hayo hayatarudi; tazama jani jipya litakalochomoza katika wiki moja au mbili zinazofuata. Wapo pia wanaofukia misumari yenye kutu katika chungu. Kutu ni chuma kile kile kisichoyeyuka, na katika udongo wenye chokaa itabaki kutu.

Ukitaka uhakika kabla ya kupanda awamu nyingine, peleka sampuli ya maji na ya udongo kwenye maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, au kituo cha Mlingano, Tanga, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Gharama ya kupima, naamini, haitazidi hasara ya mbolea uliyokwisha kununua.

SWALI: Ndugu mshauri, nimeotesha nyanya kwenye chumba kisicho na dirisha kubwa, chini ya taa za LED ambazo huwaka usiku na mchana ili mimea ikue haraka. Nimechanganya udongo mwekundu na maranda niliyopewa bure na seremala, nusu kwa nusu. Majani ya chini yamekuwa njano yote, pamoja na mishipa, na shina ni jembamba. Pia majani ya juu yaliyo karibu na taa yana mabaka ya njano. Ni upungufu gani huu?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, haya ni matatizo mawili, na ninafurahi kwamba umeyatenganisha katika maelezo yako.

Njano ya chini, inayofunika jani zima pamoja na mishipa, ni naitrojeni, na imepotelea kwenye maranda. Mbao ina kaboni nyingi mno ikilinganishwa na naitrojeni iliyomo, na vijidudu vinavyoiozesha huhitaji naitrojeni ili viishi, kwa hiyo huichukua kutoka kwenye udongo kabla mizizi haijaifikia. Hali hiyo huendelea kwa miezi. Kama mimea bado ni midogo, ihamishie kwenye udongo mwekundu uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri, kisha maranda yale yatandaze kwenye banda la kuku au uyalundike pamoja na samadi mpaka yaoze. Kama imekwisha kuwa mikubwa, yeyusha gramu moja ya CAN, mbolea ya naitrojeni, katika kila lita ya maji na umwagilie mara moja kwa wiki, huku ukitazama kama njano imeacha kupanda.

Mabaka ya juu ni jambo ambalo wakulima wengi wa ndani hawalifahamu. Nyanya, tofauti na mimea mingi, hudhurika ikipewa mwanga saa 24 bila giza: majani yake hupata mabaka ya njano na ukuaji hupungua, hata kama mbolea na maji ni sawa. Ninajua kishawishi cha kuacha taa ziwake usiku kucha, lakini kwa nyanya umeme huo unalipia madhara. Weka swichi ya saa inayowasha na kuzima yenyewe, na uzipe taa saa 14 hadi 16 kwa siku. Kisha pima umbali: ukiweka mkono wako usawa wa majani ya juu na kuhisi joto, taa iko karibu mno, na shina likiendelea kurefuka bila kunenepa, ama taa iko mbali mno au ni dhaifu.

Utakapoanza kupata matunda unaweza kuona njano nyingine, safari hii katika majani ya katikati na ya chini, kati ya mishipa, huku mishipa yenyewe ikiwa kijani. Hiyo ni magnesi, na mara nyingi husababishwa na mkulima aliyezidisha potasiamu ili matunda yawe mazuri, kwa maana potasiamu nyingi huizuia magnesi kuingia kwenye mizizi. Gramu 10 hadi 20 za chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesi) katika lita moja ya maji, zikinyunyizwa jioni juu ya majani, husaidia, lakini punguza potasiamu kwanza.

SWALI: Nyanya zangu za kwenye roshani zimekunja majani kuelekea juu, kingo ni njano, majani ni madogo sana na maua yanadondoka. Nikitikisa mmea, vidudu vyeupe vinaruka. Niweke mbolea gani?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna mbolea itakayosaidia. Hao ni nzi weupe, na dalili unazozieleza ni za virusi vya mkunjo wa majani ya njano ya nyanya, ambavyo nzi hao hueneza kwa kufyonza mmea mmoja na kuhamia mwingine. Havina dawa. Ng'oa mimea iliyokunja, uifunge ndani ya mfuko palepale kabla nzi hawajaruka, na uiteketeze. Miche mipya ikuze ndani ya chandarua chenye matundu madogo kuliko ya chandarua cha mbu, na uliza mbegu zinazostahimili virusi hivyo, kwani zipo.

SWALI: Assalaam alaykum. Pilipili zangu nimeziweka ndani kwa sababu ya joto la nje, karibu na kiyoyozi. Majani yamepauka na yana vitone vidogo vidogo vya rangi hafifu, si njano ya kawaida. Nimeongeza mbolea bila mafanikio.
Msomaji, Muscat

JIBU: Waalaykumu salaam ndugu msomaji. Shika karatasi nyeupe chini ya tawi na uligonge tawi hilo mara kadhaa. Vumbi litakaloanguka litazame kwa utulivu: likianza kutembea, ni utitiri. Kwenye upande wa chini wa majani utaona pia utando mwembamba sana, hasa pale jani linapokutana na kikonyo. Hewa kavu ya kiyoyozi huwapendeza, na penye joto kizazi kimoja hukamilika kwa takriban wiki moja.

Sogeza vyungu mbali na mkondo wa kiyoyozi, vipeleke bafuni na uoshe upande wa chini wa kila jani kwa maji yenye msukumo, kisha nyunyiza maji yenye sabuni laini, ukihakikisha yamefika chini ya majani, maana utitiri asiyeguswa na sabuni hafi. Mayai hayafi kwa sabuni, kwa hiyo rudia kila baada ya siku nne mpaka karatasi ibaki safi. Acha dawa za kawaida za wadudu za jamii ya pairethroidi, kwa sababu huua wadudu wanaowala utitiri na kuwaacha utitiri wenyewe wakiongezeka, na mbolea isimamishe mpaka majani mapya yatoke yakiwa na kijani kilichokolea.